Bubu wa Jumamosi

Niliombwa kuandika juu ya njia tulivu za baiskeli. Mhariri wa gazeti ninaloliandikia safu alisikia kwamba kila Jumamosi ninaendesha baiskeli kutoka Kilosa mjini hadi Masanze, akapendezwa, akasema wasomaji wa mjini wanataka kujua mahali ambapo mtu anaweza kukanyaga pedali bila kugongwa na bodaboda. Nikaanza. Kila nilipofika aya ya tatu nilijikuta nimerudi hospitalini. Basi acha niandike vyote pamoja, maana njia hii nisingeijua hivi kama nisingekatwa koo.

Kwanza njia, mhariri asije akalalamika. Ukitoka Kilosa kuelekea kusini, waachie malori barabara yao, ushike njia ya udongo inayopita chini, upande wa mabwawa. Kule kuna ardhi oevu ambayo masika hugeuka ziwa na kiangazi hugeuka malisho. Njia imeinuliwa kidogo kati ya majaruba ya mpunga na matete. Asubuhi utawakuta yangeyange weupe wamesimama majini kama madaftari yaliyotupwa, na viboko ambao huwaoni ila unawasikia wakikohoa. Ukiendelea sana kuelekea Mikumi utakutana na kibao cha hifadhi. Hapo geuza. Barabara kuu inayokatiza hifadhini siishauri kwa baiskeli: kuna simba na kuna mabasi, na kati ya hao wawili ni simba tu anayeweza kusimama ghafla.

Baiskeli niliinunua kwa sababu ya tumbo. Marehemu baba alikuwa nyapara katika mashamba ya mkonge kule Rudewa, akaacha koti moja la kaki lenye vifungo vya shaba, na mama alilitundika msumarini chumbani kwake likinisubiri. Tatizo lilikuwa mimi. Nimefundisha Kiswahili chuoni miaka mingi, kazi ya kusimama na kula, na koti lilikataa kufunga. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa kipofu kwa presha ya macho, lakini alinipima kwa viganja kila nilipokwenda kumtembelea, akacheka. "Bado," alikuwa akisema. "Siku likikuenea, lichukue."

Siku hizo nilikwenda mara moja kwa miezi miwili, kwa bodaboda, na nilikuwa na haraka.

Sauti ilianza kukwaruza wakati wa kupanda mpunga. Nililaumu chaki. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali na limau, nikasukutua maji ya chumvi. Mwalimu mwenzangu mmoja alisema nimerogwa na wanafunzi niliowafelisha, na kusema kweli ilikuwa nadharia nzuri kuliko nyingi nilizosikia baadaye. Mke wangu, Zaituni, ndiye aliyechoka. "Mwalimu," alisema, "unaongea kama redio iliyoingia maji. Kesho hospitali." Kilosa wakanituma Morogoro, Morogoro wakanituma Dar es Salaam. Nikapanda treni ya umeme, ile ambayo hukimbia sana hivi kwamba huna hata muda wa kuogopa vizuri.

Daktari alikuwa mpole, naye nilimchukia mara moja.

"Uvimbe umekaa kwenye kisanduku cha sauti," alisema. "Tutakitoa."

"Uvimbe?"

"Kisanduku. Chote." Akatazama faili. "Wewe ni mwalimu wa nini?"

"Kiswahili."

Alifikiri kidogo. "Cha kuandika," akasema, "kitabaki."

Kabla ya kurudi Dar kwa upasuaji nilikwenda Masanze kumuaga mama. Nilikuwa nimepanga kumwambia kila kitu. Nilipofika nilimkuta anacheka na dada yangu Hadija, ambaye anaishi naye, na ushujaa wangu ukaniishia mlangoni. Nikamwambia ninakwenda semina.

"Semina gani na sauti hiyo?"

"Semina tu, mama."

Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kutoka kwenye koo langu. Uongo, na kielezi nyuma yake. Msomaji ambaye una safari kama hiyo mbele yako, ukisahau yote niliyoandika hapa, kumbuka hili: waambie ukweli wakati bado una kifaa cha kuusemea.

Walinipasua mwanzoni mwa masika. Hadija alikuwa anajua, mama hajui. Kule kwao mtandao unashika mahali pamoja tu, nyuma ya msikiti, ukiegemea ukuta. Siku hiyo ilikuwa inanyesha, na Hadija alikuwa pale anangoja. Zaituni alimpigia simu mara tu waliponisukuma kutoka chumba cha upasuaji, akasema, na ameapa hivyo hata kwa msahafu: "Katoka tu sasa hivi, bado hajaamka."

Hadija akasikia: "Katutoka sasa hivi. Hajaamka." Halafu simu ikakata.

Nimefundisha sarufi maisha yangu yote. Nimewachosha vijana na viambishi, mofimu moja moja, wakanitazama kama ng'ombe wanaotazama treni. Laiti wangejua. "Tu" ikiwa nyuma ya kitenzi, mtu ametoka salama. Ikiingia tumboni mwa kitenzi, mtu amekufa. Mimi niliuawa na silabi iliyohama kiti.

Hadija alipiga yowe pale pale kwenye ukuta wa msikiti, na mama alilisikia. Wakatandika mikeka, wakaanza kisomo. Siku tatu watu wa Masanze wamekaa matanga yangu, na wamekula vizuri, nimeambiwa. Siku ya tatu mjomba alimpigia Zaituni kumuuliza mwili unaletwa lini.

"Mwili gani?" Zaituni akasema. "Amekaa hapa anakunywa maziwa kwa mpira wa puani."

Mjomba akakimbia kwa mama na habari njema. Mama alikuwa ameshalia machozi yake yote. Akasema kitu kimoja tu, cha busara kabisa. "Mpeni simu. Niisikie sauti yake."

Na hicho ndicho kitu pekee ambacho hatukuwa nacho.

Zaituni alishikilia simu mdomoni kwangu, mimi nikapumua kwa tundu la shingoni, foo, foo. Mama alisikiliza. Hadija alitusimulia baadaye kwamba aliirudisha simu kwa adabu, akasema: "Msinifanye mtoto. Huo ni upepo."

Tangu siku hiyo mke wangu na dada yangu hawajala sinia moja. "Alisema katutoka," anasema huyu. "Nilisema katoka tu," anasema yule. Walinitaka mimi niamue, kama mtaalamu. Niliandika kwenye daftari kwamba wote wawili wana haki kisarufi. Wakanikasirikia wote wawili.

Masika nzima nilikaa Dar kwa mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa. Wanakulaza, wanakufunga usoni kinyago cha plastiki kilichofinyangwa kwa sura yako mwenyewe, wanakibana kwenye kitanda kwa vibanio, halafu wote wanakimbia kutoka chumbani. Jambo la kujifunza: ukiwaona watu waliosoma wanakimbia, mashine ni ya kweli. Baada ya wiki chache ngozi ya shingo iligeuka rangi ya biringanya, ikachubuka. Ndevu zikaanguka, mate yakakauka, chakula chote kikawa na ladha ya sarafu. Mashavu yangu, ambayo mama aliyasifu tangu nikiwa na miaka miwili, yaliondoka bila kuaga.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni benchi la kungojea. Mnajua utaratibu wetu. Hakuna namba, kuna swali. Anayefika anauliza: "Wa mwisho nani?" Anayejibu "mimi" amehesabika. Asiyejibu hayupo. Siku za kwanza nilipitwa na watu wote waliofika nyuma yangu, nikiinua kidole kama mwanafunzi anayeomba kwenda msalani. Hatimaye nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, WA MWISHO NI MIMI, nikalishika kifuani. Katika wodi ya saratani maneno hayo watu hawayapendi. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa na kitambaa kichwani alinitazama kwa muda.

"Kaka," akasema, "lifiche hilo bango. Nitakusemea mimi."

Kuanzia hapo kila aliyeuliza alijibiwa na yeye: "Wa mwisho ni huyu kaka asiye na sauti, na kabla yake ni mimi, na usijifanye hujasikia." Alinisemea wiki nne. Wiki ya tano hakuja. Sikuweza kuuliza, na nadhani hata ningekuwa na sauti nisingeuliza.

Nilirudi Kilosa mpunga ukianza kukomaa. Daktari alisema nitembee, au nipande baiskeli polepole, kifua kipate kazi. Tundu langu la kupumulia liko chini ya koo, ukubwa wa kifungo cha koti, na kila kitu kinachoingia humo kinakwenda moja kwa moja kwenye mapafu: vumbi, mbu, makapi ya mpunga. Kwa hiyo, wewe uliyetobolewa kama mimi: vaa kitambaa chepesi kilicholowa maji shingoni, kama kile anachofungwa mtoto anayelishwa. Toka mapema kabla ya vumbi. Wakianza kuchoma mashamba, baki nyumbani. Na ukae mbali na ukingo wa maji, kwa sababu mtu wa tundu hazami kwa mdomo, anazama kwa shingo, na hawezi hata kupiga kelele.

Hilo nililijua vizuri siku ambayo kundi la ng'ombe lilinijia kwenye tuta. Sikuweza kusema "hoya". Nilipiga kengele, ng'ombe wakaisikiliza kwa heshima na kuendelea kuja, nikaanguka na baiskeli yangu hadi kwenye matete. Mwenye ng'ombe, mzee wa makamo yangu mwenye shuka na fimbo, alinivuta kwa mkono mmoja. Aliona tundu. Watu wa mjini wakiliona hutazama pembeni. Yeye aliinama akalichungulia kama anayekagua tairi.

"Nilikuwa na dume lilitobolewa hapo hapo," alisema. "Liliishi."

Alingoja nifurahi kidogo.

"Tukaja tukalila Krismasi."

Shida ya pili ya njia hii ni shikamoo. Njia ni tulivu, lakini watoto wanaokwenda mashineni na wasichana wanaotoka kuchota maji wote wanakuamkia, na kwetu asiyejibu marahaba ni mchawi, au ni mwenye majivuno, au vyote viwili. Wiki za mwanzo nilipita kimya nikasikia nyuma yangu: "Mzee ana maringo huyo!" "Kasoma sana, amesahau kuitikia!" Nikabuni njia. Shikamoo moja, kengele mara mbili. Baada ya mwezi walikuwa wanakimbia kutoka majarubani ili tu waitikiwe na baiskeli. Ni faraja ndogo, lakini ni ya kila wiki, na niliishika.

Jumamosi ya kwanza nilifika Masanze nikitoka jasho. Mama alikuwa mkekani barazani, anachambua mchele kwa vidole, mawe huku, punje huku. Niliegemeza baiskeli, nikapiga goti mbele yake, nikamshika mkono.

"Mama, huyu hapa Athumani," Hadija alisema.

Mama aliacha kuchambua mchele. Nilielewa anangoja nini. Mdogo ndiye anayeanza. Aligeuza sikio lake la kulia upande wangu akangoja, na mimi nikafungua mdomo, na kikatoka kile kinachotoka kwenye mlango uliofunguliwa.

"Mwanangu haingii kwangu bila kuniamkia," alisema. "Hata malaria ilipompanda kichwani aliniamkia."

"Hawezi, mama. Wametoa kitu cha kusemea."

"Kinatolewaje? Ni jino?"

Nikachukua viganja vyake nikaviweka usoni kwangu. Vidole vilipita kwenye mifupa, vikashuka kwenye shingo iliyokuwa ngumu kama gome, vikagusa ukingo wa tundu, vikaruka. "Mwanangu ana mashavu," alisema. Nikampa goti lenye kovu la utotoni, la siku niliyoanguka na baiskeli ya baba. Alilipapasa pole pole, na kwa kitambo kidogo nilifikiri tumefika.

"Kila mwenye baiskeli ana kovu hili," akasema.

Hadija akatoa simu, akamchezea ujumbe wangu wa zamani, sauti yangu nene ikimuuliza kama sukari imefika. Mama alisikiliza hadi mwisho, machozi yakamtoka. "Marehemu alikuwa na sauti nzuri," alisema. "Usiifute." Halafu akanigeukia kwa upole ambao sikuwahi kuupata nilipokuwa mwanawe. "Maskini, bubu wa watu. Mmemtoa wapi, ili mimi nitulie? Mpeni chai. Mwenyewe hana kosa."

Ningeweza kuacha kwenda. Zaituni alisema niache. "Anakuua kila wiki," alisema. Lakini nilitaka kitu kimoja, kabla mmoja wetu hajaondoka: mama yangu ajue kwamba sikufa. Daktari alikuwa amesema yapo maneno yanayoweza kurudi. Unameza hewa, unaizuia, unaipandisha kama mbweu, na juu ya mbweu hiyo unajenga silabi. Nesi alinionyesha. Mtu aliyefundisha fasihi simulizi miaka ishirini akaanza kujifunza kucheua kwa mpangilio.

Nilijifunzia njiani. Ndiyo maana ninaijua kila kona yake. Kwenye kona ya matete nilipata "shi" wakati wa mavuno. Kiangazi kizima nilihangaika na "ka". Yangeyange waliruka kila nilipojaribu.

Na kila Jumamosi nilimletea mama sukari, nikakaa, naye akanisimulia habari za mwanawe.

"Alikuwa mtoto mzuri, lakini alikuwa anaongea! Anakaa hapo ulipokaa, ananiambia jina sanifu la mwiko. Mimi mwiko naujua, nimempiga nao. Wewe unasikiliza, bubu."

Siku nyingine: "Alikuwa anakuja kama polisi. Anafika, anatazama saa, anaondoka. Wewe unakaa mpaka jua linageuka."

Na siku nyingine, akishika kiganja changu: "Aliniambia ni semina tu. Mtu anakwenda kufa, anamwambia mama yake semina. Alinionaje mimi? Ningemsindikiza hata kituoni."

Sikuwahi kupewa tathmini ya haki namna hiyo, na mtathmini hakujua kama mtahiniwa yuko chumbani.

Jaribio la kwanza nililifanya kabla sijaiva. Nilikuwa nimekula wali wake, nikameza hewa, nikapandisha, ikatoka "shiii" moja pana, iliyopasuka katikati.

"Alhamdulillahi," mama alisema kwa furaha. "Bubu ameshiba."

Hadija alicheka hadi akatoka nje. Mimi pia nilicheka, kwa njia yangu, yaani shingo ilipiga miluzi.

Vuli ilipoanza mama hakuweza tena kukaa barazani. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Sasa tulikuwa wawili wa kuhesabu pumzi. Hakuwa na huzuni. Alimwambia kila aliyemtembelea kwamba anakwenda kwa Athumani, na alivyosema ungedhani mimi niko Morogoro nimeshatandika kitanda. Jumamosi moja asubuhi, mvua ya usiku ikiwa imelaza vumbi, nilipita mabwawani nikisema silabi zangu zote kwa mfuatano, na kwa mara ya kwanza hakuna iliyokatika. Niliendesha haraka ili zisipoe.

Alikuwa amelala chali, Hadija anakoroga uji karibu na mlango. Nilipiga goti. Nikameza hewa.

"Shi. Ka. Moo."

Mwiko ulisimama kwenye uji.

"Nani kaniamkia?" mama aliuliza.

"Huyo huyo, mama," Hadija alisema. "Huyo wa Jumamosi."

Mkono wa mama ulitafuta kichwa changu ukakipata. "Marahaba," alisema. "Marahaba, baba. Mungu mkubwa, bubu amefunguliwa kinywa." Akapumzika, akakusanya pumzi. "Sasa niambie jina lako. Mimi ninakwenda kwa mwanangu, lazima nimwambie ni nani aliyekaa na mimi."

Jina nilikuwa nimelifanyia mazoezi kuliko kitu kingine chochote. Nilimeza.

"A. Thu. Ma. Ni."

Hadija ameshika mdomo. Halafu uso wa mama ukafunguka wote, akacheka kicheko kile cha barazani, cha kabla ya semina.

"Kumbe wajina wake! Umesikia, Hadija? Ndiyo maana mlimchagua huyu."

Nikameza tena kwa haraka, niseme mimi, ni mimi, lakini haraka ndiyo adui wa ufundi huu. Ikatoka mbweu tupu.

"Alhamdulillahi," alisema mama. Halafu: "Hadija, lete lile koti la baba yenu. Lile la msumarini. Mwenyewe hatakuja tena, na huyu amekuja Jumamosi zote."

Hadija alilileta akilia waziwazi. Nililivaa nikiwa bado nimepiga magoti. Mama alivifunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu, bila kukosea tundu hata moja, akafika cha mwisho karibu na shingo yangu, akakiacha wazi nipate kupumua. Akapitisha viganja mabegani, mbavuni, tumboni, kama alivyokuwa akinipima zamani.

"Limekuenea," alisema. "Athumani lingembana."